KINUBI KWENYE HARUSI ARUSHA: MAMBO YA KUULIZA KABLA KAMATI HAIJATOA ADVANSI



Wiki hizi simu yangu haipumziki. Kuna video za harusi za Ulaya zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bibi harusi anaingia taratibu, pembeni kuna dada amekaa anapiga kinubi kikubwa cha rangi ya dhahabu. Kila anayenitumia anauliza swali lile lile: hiki kitu tunakipata wapi hapa Arusha na ni shilingi ngapi? Wanajua mimi napita kwenye harusi nyingi kupiga picha na kuandika, basi wanadhani na vinubi navijua.

Sasa limefika mpaka nyumbani. Binamu yangu hapa hapa Sokon I anafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Kamati imetenga laki sita kwa ajili ya muziki wa kanisani, na kikao cha juzi kilikaribia kuvunjika. Wajomba wanataka matarumbeta. Bibi harusi mtarajiwa anataka kinubi. Mhazini anasema vyote viwili ni anasa, zile hela ziongezwe kwenye chakula. Mwisho mwenyekiti akaniangalia mimi akasema, "Wewe kijana unayeandika andika, nenda kafanye uchunguzi utuletee."

Nimeuliza walimu wa kwaya, wapigaji, mafundi mitambo na wazee wa kanisa. Hizi hela ni za michango. Kuna mama kwenye ile kamati anauza ndizi soko la Kilombero na ametoa elfu hamsini. Nikaona ripoti isiishie kwenye kikao chetu tu, na wenzetu wenye harusi waisome. Twende kazi.

KWANZA: KINUBI NI KITU GANI?

Neno kinubi wengi tumelikuta kwenye Biblia, kwa Mfalme Daudi. Shida ni kwamba kwa Kiswahili tunaita kinubi au zeze karibu kila kitu chenye nyuzi, halafu mtu analipia kimoja analetewa kingine. Kwa hiyo tuelewane.

Ala za nyuzi tunazozungumzia hapa ziko za aina tatu. Ya kwanza ni kinubi chenyewe. Kuna boksi la sauti na kuna shingo, na nyuzi zinasimama kutoka kwenye boksi kwenda kwenye shingo. Kila uzi una sauti yake moja.

Ya pili ina boksi, mikono miwili inayopanda juu na mti uliolala katikati ya ile mikono. Nyuzi zinatoka kwenye boksi zinafungwa kwenye ule mti. Hapa ndipo ilipo nyatiti ya Wajaluo na litungu la Wakurya wa Tarime.

Ya tatu nyuzi zake zimelala, zimetandazwa juu ya boksi au ubao wenyewe. Hapa ndipo ilipo ganuni ya taarabu na nanga ya Wahaya.

Sasa shikeni viti vyenu. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema kile chombo cha Daudi, kwa Kiebrania kinnor, kilikuwa cha aina ya pili. Yaani Daudi angeingia leo kwenye harusi ya Arusha, angeishangaa ile mashine ya dhahabu ya kwenye video, lakini nyatiti angeitambua haraka. Kwa hiyo wale mnaosema nyatiti haifai kanisani kwa sababu ni ya kienyeji, mna kazi ya kunijibu.

Na sisi wa huku Meru tusidanganyane kwamba kuna kinubi cha mababu. Muziki wa Wamasai na Waarusha ni wa sauti za watu, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia na kunguruma, na pembe ya tandala inapigwa kwa shughuli maalum. Nyuzi kwetu ni wageni. Ni sawa tu, hata matarumbeta ni mageni.

PILI: VILIVYOPO NA VINAVYOWEZEKANA

1. Kinubi kikubwa cha Ulaya. Hiki ndicho cha kwenye video. Kile kikubwa kabisa kina nyuzi 47 na pedali 7 za miguu, kinasimama kama mtu mzima na uzito wake unakaribia kilo 40. Pedali moja inashughulikia noti moja kwenye kinubi kizima, na ina vituo vitatu, kwa hiyo mpigaji anaweza kuhama kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine bila kugusa misumari ya kukazia nyuzi. Mfumo huo aliuandikisha fundi Érard mwaka 1810. Ukiona nyuzi nyekundu na nyeusi ujue si mapambo. Nyekundu ni C na nyeusi ni F, ndiyo alama za mpigaji asipotee. Kuna na kidogo chake cha kubadilisha kwa vidole, nyuzi kama 34 hivi, mtu mmoja anabeba.

Usitegemee kukikuta kimekaa hapa mjini kinasubiri wateja. Pa kuulizia karibu ni Nairobi, kwa watu wa okestra. Nairobi mpaka Arusha ni kama kilometa 270 kupitia Namanga. Kwa hiyo hesabu inakuwa hivi: gari ambalo chombo kinaingia kikiwa kimelala (bodaboda sahau), mpigaji, msaidizi, malazi ya usiku angalau mmoja, chombo kutangazwa forodha wakati wa kuingia na kutoka, na kibali cha BASATA kwa msanii wa nje. Mtu akikupa bei ya kupiga tu bila hivyo vyote, hajakupa bei.

2. Adungu kutoka Uganda. Hiki ni kinubi halisi cha Afrika, asili yake ni Waalur wa upande wa West Nile. Shingo yake ni mti uliopinda, boksi ni gogo lililochongwa likafunikwa ngozi, nyuzi kwa kawaida kati ya saba na kumi. Siku hizi nyuzi ni za nailoni. Zinatengenezwa ndogo mpaka kubwa kabisa za besi, kwa hiyo watu wanne wanaweza kuwa bendi kamili. Uganda inapigwa makanisani na kwenye harusi, haina ugeni na ibada. Kwa maoni yangu huyu ndiye mgombea mwenye nguvu kwa harusi zetu, sababu nitazitoa mbele.

Baganda nao wana kinubi chao, ennanga, nyuzi nane. Kilikuwa chombo cha ndani ya jumba la Kabaka, kinapigwa polepole kwa watu wachache walionyamaza. Mwaka 1966 jeshi la Obote lilipovamia Lubiri pale Mengo, wanamuziki wa ikulu walitawanyika. Mwaka 1967 falme zikafutwa kabisa mpaka ziliporudishwa 1993. Ndiyo maana wapigaji wa ennanga ni wa kutafuta kwa tochi. Mdau akikwambia ana mpigaji wa nanga, muulize nanga ya wapi! Ya Buganda ni kinubi. Ya Bukoba ni ile ya kulala, ubao uliochongwa kama sinia refu, na kazi yake hasa ni kusimulia mashujaa na kusifia watu. Hiyo ya Bukoba ni tamu sana, ila iwekeni kwenye sendoff watu wakiwa wamekaa wanasikiliza maneno. Ukiiweka chini ya sala unamwonea mpigaji.

3. Nyatiti na litungu. Nyatiti ina nyuzi nane, mpigaji anakaa chini kwenye kigoda na kidole chake cha mguu kimevaa pete ya chuma anayogongea ala yenyewe. Kwa hiyo ina mdundo ndani yake. Anayetaka kujua ikipoozwa inakuwaje amsikilize marehemu Ayub Ogada wa Kenya, aliyefariki 2019. Wimbo wake Kothbiro ulitumika kwenye filamu ya The Constant Gardener ya 2005. Ukiusikia utaelewa kwamba ala ya kienyeji haimaanishi kelele.

4. Ganuni. Hii ni ya wadau wa pwani na Waislamu wa hapa mjini. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 mpaka 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, na huko ndiko inakosemekana taarabu ya Zanzibar ilianzia. Leo inafundishwa pale Stone Town kwenye chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kilichoanza 2002. Kwa nikah yenyewe ala haziingii, kila mtu anajua. Ila kwenye sherehe ya kina mama jioni, ganuni moja na udi mmoja ni heshima tupu.

5. Gitaa au kinanda cha umeme chenye sauti ya kinubi. Msicheke. Gitaa la nyuzi za nailoni likipigwa na mtu anayelijua linafanya kazi ile ile ya kutuliza watu, na wapigaji tunao humu humu. Kinanda kina kitufe cha sauti ya kinubi, kwa mtu aliyekaa nyuma hatajua. Lakini umeme ukikatika ndiyo mwisho wa kinubi chako.

Kwa anayetafuta watu, msikimbilie Dar. Pale Usa River, njia ya kwenda Moshi, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kina watu wanaosoma muziki mpaka digrii. Anzeni kuuliza pale nani anapiga nyuzi. Ikishindikana kuna TaSUBa ya Bagamoyo, kile kilichokuwa Chuo cha Sanaa.

TATU: KINUBI KINAINGIA WAPI KWENYE IBADA?

Hapa ndipo kamati nyingi zinachemsha. Wanasema tunataka kinubi kanisani, basi. Kanisani wapi? Ibada ya ndoa ni ndefu na kinubi hakifai kila mahali. Mimi nimekaa na saa kwenye harusi kadhaa nikaona nafasi nne.

Ya kwanza, dakika kumi na tano kabla ya ibada wageni wakiingia. Hii wengi wanaisahau lakini ndiyo inayofanya watu wapunguze sauti wenyewe bila mzee wa kanisa kupiga kelele kwenye maiki.

Ya pili, bibi harusi akiingia. Hii ni fupi, dakika tatu au nne kwa kanisa la kawaida. Mpigaji lazima awe anamwona mlangoni, au kuwe na mtu wa kumpa ishara. Wimbo uwe wa kuweza kukatwa au kurudiwa popote, maana gauni likikanyagwa pale katikati hakuna anayejua itachukua muda gani.

Ya tatu ni kusaini vyeti. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, kwa hiyo kuna maharusi, mashahidi, mfungishaji ndoa, kalamu inayogoma na mpiga picha anayesema rudia. Dakika kumi zinakwenda, na watu wanaanza kuongea kama wako stendi. Kama mna hela ya sehemu moja tu, wekeni kinubi hapa.

Ya nne ni komunyo au sala ya kimya, kwa makanisa yenye utaratibu huo.

Kutoka nje ya kanisa waachieni matarumbeta! Pale watu wanataka kuruka na kupiga vigelegele, kinubi kinamezwa. Hapa ndipo nilipowapatanisha wajomba na bibi harusi. Matarumbeta yapo, ila yanaanzia nje ya mlango na hakuna kupuliza kwa majaribio wakati ibada inaendelea.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa uchungu. Mwaka huu nilikuwa kwenye ndoa moja, kanisa silitaji. Wakati wa viapo, bendi ilikuwa nje inajaribu vyombo na jenereta la mpambaji linanguruma dirishani. Nimerudia kusikiliza video yangu mara tatu, sauti ya bwana harusi haipo. Mama yake alisafiri kutoka Singida kuja kusikia yale maneno. Alichosikia ni "paa paa paa" ya tarumbeta. Ukumbi, keki na suti vyote vinakuja baada ya yale maneno mawili matatu, na ndiyo hayo hayakusikika.

NNE: ULIZENI KANISA KABLA HAMJAULIZA BEI

Kwa Wakatoliki kuna mwongozo wa mwaka 1967 kuhusu muziki wa ibada. Kwa kifupi unaruhusu ala za tamaduni mbalimbali ilimradi zifae kwa ibada na zisaidie waumini. Kwa hiyo kinubi chenyewe si tatizo, lakini mwenye neno la mwisho hapa kwetu ni paroko wako. Kwa KKKT na wengine, mchungaji na mwalimu wa kwaya. Pelekeni majina ya nyimbo kwa maandishi. Nyimbo za mapenzi za redioni, hata zikipigwa kwa kinubi bila maneno, watu wanazitambua na padri pia anazitambua.

Jambo la pili, ndoa zetu za Jumamosi mara nyingi ni jozi tatu nne kwenye ibada moja. Kinubi chenu kitawaingiza na maharusi wengine. Kaeni na familia zile mapema, mkubaliane, na ikiwezekana mchangie. Tena hapo bei inagawanyika na mhazini anatabasamu.

Jambo la tatu ni kwaya. Kwaya ya parokia au usharika ina heshima yake na imezoea kuimba kila ndoa. Ukileta mpigaji bila kuwaambia, ujue umetafuta ugomvi. Mshirikisheni mwalimu wa kwaya awe ndiye anayegawa nafasi.

Na kuhusu ule wimbo wa kuingilia ambao kila mtu anauomba, unatoka kwenye opera ya Wagner inaitwa Lohengrin, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850. Kwenye hadithi yenyewe ndoa ile inavunjika usiku ule ule! Ule wa kutokea ni wa Mendelssohn, aliutunga 1842 kwa ajili ya tamthilia. Umaarufu wa kuziunganisha hizo mbili ulikuja baada ya harusi ya binti wa Malkia Victoria, London mwaka 1858. Sisemi msizipige. Nasema mjue mnachoomba, na mjue kuna makanisa yanazikataa. Nyimbo za kanisa mnazozijua kwa Kiswahili zikipigwa polepole kwa nyuzi, waumini wanaimba kimoyomoyo. Huo ndio utamu.

TANO: SAUTI, MVUA NA BARIDI YA ARUSHA

Kinubi ni chombo cha upole. Kanisani kwenye watu mia tatu wenye watoto, bila maiki safu ya sita haisikii. Mwambieni fundi mitambo mapema, na maiki ikae karibu na boksi la sauti, sio kwenye nyuzi. Spika zisimwelekee mpigaji, la sivyo mtapata ule mluzi wa kupasua masikio.

Angalieni kalenda. Masika yetu ni Machi mpaka Mei na vuli ni Novemba na Desemba. Kanisa lenye paa la bati lisilo na dari, mvua ikishuka hakuna kinubi wala mahubiri. Ya binamu yangu ni Desemba, kwa hiyo tumeshaenda kuangalia dari. Lipo, tumshukuru Mungu.

Kama ndoa ni ya bustanini, kule juu kwenye miteremko ya Meru mwezi wa sita na wa saba baridi inagandisha vidole, na mpigaji mwenye vidole vilivyoganda ni hasara. Jua la mchana nalo ni baya. Ngozi ya adungu inakaza kwenye jua na kulegea kwenye unyevu, na nyuzi zinahama sauti. Mpigaji apewe kivuli na afike angalau saa moja kabla, achombezane na nyuzi zake hapo hapo atakapopigia. Kile kikubwa cha Ulaya kiko hivyo hivyo, nyuzi 47 hazikai sawa kwa dakika tano.

Halafu kuna suala la sauti ya kuanzia. Adungu na nyatiti zinapangwa kwa ngazi moja. Kama mwalimu wa kwaya anasema wimbo huu doh ni G na unaofuata doh ni B, mpigaji hawezi kuruka hapo hapo. Ama nyimbo zote zipangwe doh moja, ama aje na adungu mbili. Kinanda kinaweza kubadilishwa kwa kitufe, kwa hiyo kinanda ndicho kimfuate kinubi. Mazoezi ya pamoja ni lazima, hata mara moja tu.

SITA: MASWALI YA KUMUULIZA MPIGAJI

Hii mnaweza kuikopi mkaenda nayo kwenye kikao.

- Unapiga ala gani hasa? Tutumie video yako ukipiga wewe mwenyewe, sio ya YouTube ya mtu mwingine.
- Umeshapiga kwenye ibada, au hotelini tu?
- Bei yako ina nini ndani: usafiri, malazi, chakula, msaidizi, maiki?
- Utafika saa ngapi, na ukikaa zaidi kwa sababu ibada imechelewa, tunakuongeza nini?
- Unahitaji kiti cha aina gani, nafasi kiasi gani, umeme?
- Nyimbo zetu tatu utazijifunza kwa siku ngapi?
- Ukiugua, nani anakuja badala yako?
- Advansi ni kiasi gani, na tukiahirisha ndoa inarudi kiasi gani?

Andikeni hata kwenye karatasi ya daftari, pande mbili zisaini. Na nyie kamati muwe waungwana. Mwanamuziki ndiye anayelipwa wa mwisho kila harusi, anaambiwa subiri tuhesabu zawadi kwanza. Salio lake liwekwe kwenye bahasha siku moja kabla, akae nalo mtu mmoja anayejulikana kwa jina, alipwe akimaliza kupiga. Nimeona mpigaji wa gitaa anaondoka saa nne usiku kwa miguu akiwa na ahadi mfukoni. Sio utu.

SABA: MSIMAMO WANGU

Kamati yetu nimeishauri hivi. Kinubi kikubwa kutoka Nairobi tukiache. Kwa laki sita kitabana, na nusu ya hela itakwenda kwenye gari na malazi kabla hata uzi mmoja haujaguswa. Tutafute adungu. Ni kinubi kweli, mpigaji anaibeba mwenyewe kwenye basi, na kanisani haishangazi. Akikosekana, gitaa la nailoni. Apige kabla ya ibada, wakati wa kuingia na wakati wa kusaini. Basi.

Lakini nimeweka sharti moja mbele ya kinubi cha aina yoyote: jenereta lihamishwe, bendi ya nje ikae kimya mpaka mlango ufunguliwe, na MC asiguse maiki kanisani. Kamati isiyoweza kusimamia hayo matatu isilipie kinubi, iongeze nyama. Mtakuwa mmenunua picha ya mtu anayechezesha vidole. Na mkiweza kuyasimamia, hata mkikosa kinubi kabisa, bado mama wa bwana harusi atasikia mwanae anaapa, na hilo halina risiti.

Mwenyekiti amekubali. Mhazini bado anakuna kichwa. Wajomba wamekubali kwa shingo upande baada ya kuhakikishiwa matarumbeta kutoka kanisani mpaka ukumbini. Bibi harusi mtarajiwa ametaka kwanza aisikie adungu kwa masikio yake, na mimi nasema ana haki. Chombo chagueni kwa sikio, ndani ya jengo lile lile, mmoja wenu amekaa safu ya nyuma kabisa.

Wadau, uwanja ni wenu. Aliyewahi kutumia kinubi, adungu, nyatiti au ganuni kwenye ndoa yake atuambie ilikuwaje na ilimgharimu nini. Wapigaji mlioko Arusha, Moshi na Manyara jitokezeni hapo chini mseme mnapiga nini. Na padri, mchungaji au mwalimu wa kwaya atakayeona nimepotosha kuhusu utaratibu wa ibada, karibu anirekebishe. Matusi sitayapitisha, hoja zote napitisha.

Naomba kuwasilisha.